Galveston na Dickens wake: tamasha la vitabu lililookoa matofali

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, mtaa wa Strand pale Galveston, Texas. Mama mmoja kachuchumaa pembeni ya barabara na kikopo kidogo cha rangi nyeusi, anampaka mwanawe masizi mashavuni kwa vidole viwili, anarudi nyuma kidogo anamtazama, anaongeza tone moja kwenye pua. Mtoto ana miaka sita saba hivi, kofia imemzidi kichwa, suruali ina viraka, viraka vyenyewe vipya kabisa na vimeshonwa kwa mashine, na begani kabeba brashi ya kusafishia bomba la moshi. Baba yake anamwambia atabasamu apigwe picha, mtoto anagoma.

Shangazi yangu alikuwa amesimama anawatazama muda wote. Akaniuliza, hivi huyu mtoto anaigiza nini?

Nikamwambia anaigiza maskini, shangazi.

Maskini? Kwa tiketi?

Ndio, kwa tiketi.

Hakusema neno tena mpaka tukafika kona ya pili.

Sasa mimi naishi Houston, Galveston ni kama saa moja kwa gari kwenda kusini mashariki, unapita daraja refu juu ya maji unaingia kisiwani, na hili tamasha nimeshakwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikula paja la bata mzinga nikapiga picha nikarudi nyumbani. Mara ya tatu nilikwenda na shangazi aliyekuja kutembea kutoka Pangani, na maswali yake yakanifanya nikae chini nisome vizuri hii kitu ilianzaje na inafanya kazi gani hasa, kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni deni la maswali yake.

Tamasha linaitwa Dickens on The Strand, kwa jina la Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19. Linafanyika wikendi ya kwanza ya Desemba, wanaoliandaa ni Galveston Historical Foundation, chama cha kutunza majengo ya kale ya mji, na ni mojawapo ya njia zao kubwa za kuchangisha hela. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 2023 waliadhimisha la 50. Mtaa unafungwa, magari yanaondolewa, watu wanavaa kama Uingereza ya malkia Victoria: wanaume kofia ndefu nyeusi na makoti, wanawake magauni yaliyotuna chini kama mwavuli, polisi wa London wa bandia wanatembea na filimbi, kuna kwaya za Krismasi, kuna watu wanaopiga kengele za mkononi, kuna gwaride la malkia mwenyewe na anapita akipunga mkono taratibu kama anafuta kioo. Kuna mashindano ya ndevu. Mara nyingi wanaalika mtu wa ukoo wa Dickens, anatoka Uingereza anakuja kusalimia watu na kusoma kidogo.

Na hali ya hewa, jamani, ni ile ya Ghuba ya Mexico. Desemba inaweza kuwa nyuzi 20 na unyevu juu, watu wamevaa sufi na mikanda ya kubana tumbo wanatiririka jasho. Shangazi akasema huu mvuke ni wa Pangani kabisa, sasa hawa makoti ya nini.

Swali zuri hilo, na ndio mlango wa kisa chenyewe. Maana Dickens hakuwahi kufika Galveston. Hakuwahi kufika Texas kabisa. Alikuja Marekani mara mbili, 1842 na tena 1867 hadi 1868, na kusini hakupita mbali, safari ya kwanza aliishia Richmond, Virginia, ya pili akazunguka miji ya kaskazini mashariki akisoma vitabu vyake jukwaani kwa kiingilio. Mwaka 1842 Texas haikuwa hata sehemu ya Marekani, ilikuwa jamhuri inayojitegemea. Rochester kule Kent, Uingereza, wakifanya tamasha la Dickens utaelewa, maana utotoni alikaa Chatham jirani hapo na mwaka 1870 akafia nyumbani kwake Gad's Hill maili chache kutoka hapo. Galveston anadai undugu gani?

Undugu wa jina la mtaa, basi. Huo mtaa kwenye ramani rasmi ni Avenue B, lakini wafanyabiashara wa karne ya 19 waliona jina la herufi halina heshima, wakauita Strand kama ule mtaa mkubwa wa London. Ndio hivyo tu. Miaka zaidi ya 100 baadaye mtu anakaa anatafuta kisingizio cha kuleta watu mtaani, anaona Strand, anafikiria London, anafikiria Krismasi, na ukishasema London na Krismasi kwa Mmarekani tayari umeshasema Dickens, kwa sababu ya kile kitabu chake kifupi cha 1843 cha bahili Scrooge ambacho kila mtu anakijua hata asiyewahi kukifungua.

Lakini kwa nini mji utafute kisingizio? Hapa ndipo pametulia utamu, vumilia kidogo.

Galveston ulianzishwa 1838, mwaka mmoja tu baada ya Victoria kukaa kwenye kiti. Yaani mji na malkia wamekua pamoja. Ulikuwa ndio bandari ya Texas, pamba ya bara yote inashuka pale, inafungwa marobota, inapakiwa kwenda Liverpool na kwingineko, na hela ya pamba ikajenga Strand: mabenki, maghala, ofisi za mawakala wa meli, majengo ya ghorofa tatu nne yenye uso wa chuma cha kusubu, nguzo zimechorwa maua, madirisha yana nyusi. Waliuita Wall Street ya Kusini Magharibi. Msanifu mmoja mzaliwa wa Ireland, Nicholas Clayton, alijenga pale mpaka ukitembea leo unaanza kumtambua kwa mkono wake, huyu mtu hakuweza kuacha ukuta utupu, lazima aweke tofali la pembe au rangi mbili au upinde.

Kisha tarehe 8 Septemba 1900 kikaja kimbunga. Kisiwa sehemu yake ya juu kabisa haikufika mita 3 juu ya bahari na maji yalikuja zaidi ya mita 4, kwa hiyo hesabu yake unaiona mwenyewe. Mji ulikuwa na watu kama 37,000, wakafa wasiopungua 6,000, na wengi wanataja 8,000. Mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi Marekani. Na malkia naye alikufa Januari 1901, miezi minne baadaye. Ukiandika hivyo kwenye hadithi watakuambia umetunga.

Walionusurika hawakuhama. Walijenga ukuta wa bahari wa mita 5 hivi, halafu wakafanya jambo ambalo mimi bado linanishangaza, waliinua mji wenyewe. Nyumba zikawekwa jeki chini, zikanyanyuliwa, mchanga uliochanganywa na maji ukapampiwa chini yake kutoka baharini, majengo kama 2,000 hivi, na miaka ile yote watu wakawa wanatembea juu ya mbao zilizotundikwa kama madaraja, mwanamke na kikapu chake na tope hapo chini. Hilo tope lilipokauka ndio ardhi ya leo.

Tatizo ni kwamba walipomaliza kuinua mji, biashara ilikuwa imeshahama. Mafuta yalifumuka kutoka ardhini kule Beaumont, mji mwingine wa Texas, 1901, na mwaka 1914 Houston wakafungua mfereji wao wa meli, meli zikawa zinapita mbele ya Galveston kwenda bara bila kusimama. Mji ukaishi kwa kamari na pombe za magendo mpaka 1957 serikali ya jimbo ikafagia. Na Strand? Strand ikabaki maghala, madirisha yamepigwa mbao, rangi inabanduka, njiwa ndani.

Na umaskini ndio uliookoa hayo majengo. Houston walikuwa na hela kwa hiyo walibomoa, kila baada ya miaka 20 wanabomoa tena. Galveston hawakuwa na hela hata ya kubomoa. Mtu aliyetembea Mji Mkongwe wa Unguja anaelewa habari hii bila kufafanuliwa, nyumba inabaki kwa sababu hakuna mtu aliyeitaka vya kutosha kuivunja, halafu siku moja mnaamka mnaambiwa ni urithi.

Lakini kubaki sio kusimama. Jengo lisilo na mtu linakufa polepole, paa linavuja, mbao zinaoza, chuma kinaliwa na chumvi. Mwisho wa miaka ya 1960 chama cha akina mama wa mjini kilinunua majengo mawili pale Strand na kuyatengeneza, kuonyesha kwamba inawezekana. Halafu mwaka 1973 hiki chama cha majengo ya kale kikapata hela kutoka mifuko ya familia tajiri za pale pale, akina Moody na akina Kempner, wakaanzisha mfuko wa kuzunguka. Fikiria upatu ila wanaocheza ni majengo. Chama kinanunua jengo bovu kabla hajalipata mtu wa kulivunja, kinaliuza kwa mtu wa biashara anayekubali masharti yaliyoandikwa kwenye hati, kwamba uso wa jengo huugusi, utatengeneza ndani ya muda fulani, na ukija kuuza masharti yanaenda na jengo. Hela ikirudi inanunua jengo linalofuata. Mfuko haukuwa mkubwa lakini ulikuwa haukai mahali pamoja, na huo ndio ujanja wake. Mwaka 1976 Strand ikatangazwa alama ya taifa ya kihistoria. Baadaye akaja George Mitchell, mtoto wa Mgiriki mhamiaji aliyezaliwa hapo hapo Galveston akatajirika kwa gesi na mafuta, yeye na mkewe Cynthia wakanunua na kufufua majengo mengi sana, wakafungua na hoteli ya Tremont House 1985.

Sasa weka tamasha ndani ya huo mpango uone linakaa wapi. Una mtaa ambao hakuna mtu wa mjini anayeukanyaga. Unataka mtu mwenye duka akubali kununua jengo pale. Atakuuliza wateja wako wapi. Huwezi kumjibu kwa hotuba ya urithi. Unachoweza ni kuleta watu usiku mmoja wa Desemba, uwashe taa, uweke chakula na muziki, watu waangalie juu waone zile nguzo na madirisha yenye nyusi waseme kumbe. Lilianza hivyo, dogo, la watu wa mji wenyewe, kabla halijawa la tiketi na mabasi kutoka Houston. Dickens alikuwa chambo kwenye ndoano, na samaki aliyekuwa anatafutwa alikuwa mnunuzi wa jengo.

Ndio maana mimi nasema hili sio tamasha la fasihi na tusilihukumu kama la fasihi. Mara zote tatu nilizokwenda nilijaribu kuhesabu watu walioshika kitabu mkononi na sikufika kumi, na wawili kati yao walikuwa wanakitumia kujipepea. Jumapili ndio wanakuja wale wa stimpanki, mtindo wa kuchanganya nguo za Victoria na mashine za kubuni, miwani ya marubani, magurudumu ya saa yamebandikwa kwenye kofia, mikono ya chuma, Dickens mwenyewe angekimbia. Ni tamasha la matofali, na ukilipima kwa matofali limefaulu kuliko matamasha mengi ya vitabu ninayoyajua.

Na kilichofanya lidumu nadhani ni jambo moja dogo la getini, ukija umevaa nguo za enzi ya Victoria unaingia nusu bei.

Hebu tulia hapo maana watu wanapita haraka. Waandaaji wa tamasha lolote wanahangaika na gharama ya waigizaji, unalipa watu 100 wavae wazunguke, na 100 kwenye mtaa mrefu hawaonekani. Hawa wakageuza hesabu. Badala ya kulipa waigizaji wakawapunguzia watazamaji, na mtazamaji akawa ndio onyesho. Yule mama wa masizi amekaa wiki mbili anashona viraka ili aokoe dola chache ambazo zimeshaliwa na kitambaa zamani, na anajua, na hajali, kwa sababu sasa ana haki ya kusimama katikati ya barabara na wageni wakampiga picha mwanawe. Mwaka unaofuata hawezi kukosa, gauni liko kabatini linamtazama. Nimeona familia ambazo mavazi yao yanarithishwa, dada mkubwa alivaa, sasa mdogo anavaa, pindo limeshushwa mara mbili na alama ya mshono wa zamani bado unaiona. Ukishafika hapo tamasha halihitaji tangazo.

Hilo limejaribiwa kweli kweli mwaka 2008. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba kimbunga Ike kilitua Galveston mnamo saa nane usiku. Ukuta wa bahari ulifanya kazi yake upande wa mbele, lakini maji yalizunguka yakaja kwa nyuma, upande wa ghuba ndogo, na Strand iko upande huo huo. Maduka yote ya chini yakaingia maji mpaka juu ya kichwa cha mtu katika baadhi ya sehemu, ukienda leo utaona vibao vidogo kwenye kuta vikionyesha maji yalifika wapi na unajikuta unainua mkono kupima. Miti maelfu kwa maelfu ikafa kwa chumvi, hasa ile mialoni mikubwa, na baadhi ya visiki watu wamevichonga sanamu, pomboo, malaika, mbwa.

Miezi mitatu baadaye, Desemba, tamasha likafanyika. Nusu ya maduka yamefungwa, harufu ya ukungu bado iko kwenye kuta, watu wamevaa magauni yao. Ukiangalia kwa jicho la kawaida ni upuuzi, watu hawana nyumba nyie mnavaa kofia. Lakini ndio ule ule mpango wa 1973 umejirudia, mtaa umekufa, hakuna anayetaka kuukanyaga, lete watu waangalie juu. Mwaka 2009 zile nyuso za chuma cha kusubu za Galveston ziliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya sehemu 11 za kihistoria zilizo hatarini zaidi, maana maji ya chumvi yaliingia ndani ya nguzo na chuma kikaanza kuoza kutokea ndani. Hela za kutengeneza zinatoka sehemu nyingi na tamasha ni sehemu moja tu, sitaki kulipa sifa isiyo yake, ila bila tamasha nani angekuwa anajua kwamba kuna nguzo?

Basi hapo ndipo ningeishia kama ningekuwa peke yangu. Lakini nilikuwa na shangazi.

Kona ya Strand na mtaa wa 22 kulikuwa na jengo linaitwa Osterman, sasa halipo. Juni 1865 lilikuwa makao makuu ya jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini yaliyoshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 19 Juni jenerali Gordon Granger akatoa Amri Namba 3, kuwaambia watu wa Texas kwamba watumwa wote wako huru. Kulikuwa na watumwa kama 250,000 Texas, na tangazo la rais Lincoln la kuwaacha huru lilikuwa limeshapita miaka miwili na nusu. Hiyo ndio Juneteenth, sikukuu ya taifa tangu 2021. Imeanzia hapo hapo, kwenye lami ile ile anapopita malkia wa bandia akipunga mkono. Kuna kibao kilichowekwa 2014, na mwaka 2021 msanii Reginald Adams na wenzake walichora picha kubwa ukutani, ya futi za mraba 5,000, inaitwa kwa maneno ya ile amri: usawa kamili.

Nilimsomea shangazi kile kibao nikimtafsiria. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, kumbe hii enzi wanayoigiza ndio enzi hii?

Ndio hiyo hiyo.

Na hao wakina kofia ndefu, hela ya kofia ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye pamba, shangazi. Na pamba kabla ya 1865 ililimwa na watumwa, na baada ya hapo na watoto wao.

Hapa ndipo lawama yangu iko na sio kwa watu, ni kwa chambo. Galveston walikuwa na enzi ya Victoria yao wenyewe, kamili, ina bandari ina pamba ina mnada ina amri ya 1865 ina kimbunga, na wakaenda kukodi ya London. Naelewa kwa nini. Mwaka 1973 Texas, unataka mji mzima uje usiku mmoja, weusi na weupe, tajiri na maskini, ukisema tuvae kama mababu zetu wa hapa hapa utalazimika kuamua nani anavaa nini, na hakuna mtu angebaki mtaani. London haimgombanishi mtu na jirani yake. Masizi yanapakwa shavuni yanafutwa jioni. Juneteenth yenyewe ilikuja kuwa sikukuu rasmi ya jimbo kuanzia 1980, kwa hiyo wakati tamasha linaanza hata jimbo lilikuwa bado halijaitambua.

Kinachonichekesha ni kwamba Dickens mwenyewe sio mtu wa kumficha nyuma. Kitabu chake cha safari ya 1842 kina sura nzima ya kuulaani utumwa, amejaza humo matangazo ya magazeti ya kutafuta watumwa waliotoroka, yule ana kovu huyu ana pingu, na Wamarekani walikasirika sana. Na ule mtaa wa Strand wa London ambao jina lake ndio msingi wa sherehe yote, unajua kwake ulikuwa nini? Mwaka 1824 akiwa na miaka 12, baba yake yuko gerezani Marshalsea kwa madeni, mtoto akapelekwa kiwanda cha kiwi cha viatu, Hungerford Stairs, pembeni tu ya Strand. Anafunika vikopo kwa karatasi, anafunga uzi, anabandika lebo, shilingi 6 kwa wiki, jengo bovu limejaa panya. Aliona aibu mpaka watu wengi hawakujua hadi alipokufa. Sasa mtoto wa Texas mwenye rangi nyeusi shavuni amesimama Strand anaigiza mtoto maskini, na kumbe bila kujua ndio jambo pekee siku ile lililomkaribia Dickens wa kweli.

Kitu kingine cha kweli kipo bandarini, watu wengi hawafiki maana wamechoka. Meli ya matanga Elissa, ilijengwa Aberdeen, Scotland, 1877, chama kile kile cha majengo ya kale kiliikuta Ugiriki ikingoja kuchinjwa vyuma, wakainunua 1975, na kumbukumbu zinaonyesha ilikuwa imeshatia nanga Galveston 1883 na 1886. Ukigusa ule ubavu hakuna anayeigiza.

Na sisi? Shangazi ndiye aliyenirudisha huko, kwenye gari, tunapanda daraja jua linazama. Anauliza, pamba yao ilifika kwetu? Nikamwambia ilifika, wewe mwenyewe unaitaja kila siku. Kile kitambaa kigumu cheupe cha marekani, jina ni hilo hilo la nchi. Kilisokotwa viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya kusini huku, kikapakiwa Salem, kikashushwa Unguja, Wamarekani walisaini mkataba na Seyyid Said 1833 na marekani ikawa ni hela kabisa, misafara inabeba hadi Ujiji, sanda na shuka na bei ya meno ya tembo vyote vinapimwa kwa marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakatika na kitambaa kikaadimika huku kwetu, wakaingia Waingereza na Wahindi na vya kwao. Kaniki ni kitambaa cha pamba kama hicho kilichotiwa nili. Kanga zenyewe zimeanza mwishoni mwa karne ile ile.

Akawa kimya kidogo, anaangalia maji. Halafu akageuka.

Kwa hiyo kanga ni ya enzi ya huyu malkia wao?

Ya mwisho mwisho, ndio.

Na mimi leo nimevaa kanga.

Umevaa, shangazi.

Na umenilipia tiketi kamili.

Nikacheka, nikamwambia sikufikiria kuuliza pale getini. Akaivuta kanga yake mabegani akaitengeneza vizuri kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. Akasema mwakani nikijaliwa kuja nakuja na kaniki ya bibi yako iko sandukuni Pangani, imeshonwa kwa mkono, na hapo getini nitakwenda mbele mimi, wewe utakaa nyuma na pochi yako.